Siliaki na Matumizi ya Maneno "Unga" na "Mkate"

Siliaki, neno lenye asili ya Kiyunani kwa maana ya tumbo, ni maradhi ambayo mwili huudhuru utumbo wake wenyewe kila ulapo gluteni, yaani protini inayoupa unga wa ngano mnato. Nayo imo katika shayiri pia. Dalili zake ni kuharisha, kukonda, upungufu wa damu, na watoto kudumaa. Hupimwa damu, kisha kipande kidogo cha utumbo. Wala mgonjwa asiache ngano kabla ya vipimo, kwani majibu yaweza kuonyesha uzima hali maradhi yapo. Dawa ni kuepuka gluteni maisha yote. Madhara ya ngano yalielezwa na tabibu Mholanzi, Willem Dicke, mwaka 1950.

Hapa lugha yataka hadhari. Mtu wa Mbuchi, katika delta ya Rufiji inakolimwa mpunga, akiambiwa "usile unga wala mkate", ataacha bure ugali wa muhogo, na vitumbua na mkate wa kumimina vilivyopikwa kwa mchele mtupu. Kisha atakula tambi za ngano bila shaka yoyote. Basi mwelezaji ataje nafaka yenyewe, si umbo la chakula.