Shabaha Huanza Kabla ya Kulenga

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alinijia na swali. Alikuwa amesoma kwamba huko Ulaya na Marekani wapo wenye bunduki za hewa ambao huketi nyumbani wakisugua na kulainisha mitutu ili wapate shabaha. Je, akaniuliza, Kiswahili kinajitosheleza kuieleza kazi hiyo?

Nilimjibu kwamba kinajitosheleza. Mdomo wa mtutu ukiwa na kovu, hewa huponyoka upande mmoja na kukisukuma kirisasi nje ya njia yake. Hapo mlengaji halaumiwi; kosa lilikwisha kutendeka kabla hajalenga.

Lakini kwa nini tuufuate mfano ng'ambo? Mashariki ya Kotile, katika Kaunti ya Garissa, kuelekea msitu wa Boni, wanaishi Waaweer, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Waboni. Hawa walikuwa wawindaji wa upinde. Mchonga mshale huupasha uti moto, akaunyoosha, akaukagua kwa jicho moja. Manyoya ya nyuma huushikilia mshale usiyumbe, kama vile michirizi ya ndani ya mtutu inavyoizungusha risasi ili iende sawa. Kama hiyo si fizikia, ni nini?

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Sidai kwamba marufuku hiyo iondolewe, la hasha! Watu wa Kotile wenyewe ni miongoni mwa waliojitolea kuihifadhi Ishaqbini, ambako mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya uzio ili mnyama huyo adimu asitoweke duniani. Aliyeuweka upinde chini hakukosea.

Tuliokosea ni sisi wasomi, tuliouzika ujuzi pamoja na tendo. Kiaweer ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kisomali, na wasemaji wake ni wachache. Mzee asipochonga mshale, hana sababu ya kuzitaja sehemu zake. Mjukuu naye hazisikii. Hivyo ndivyo neno linavyokufa bila matanga. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimefundisha isimu miaka mingi bila kumkalisha kitako mchonga mshale hata mmoja nikamsikiliza.

Mwalimu wa fizikia uliye pande hizo, mwalike mzee darasani. Aje na uti usio na chembe wala sumu, aunyooshe mbele ya wanafunzi. Nao waandike kila neno atakalolitamka, kisha watafute lakabiliana na lipi katika Kisomali, Kiorma, Kipokomo na Kiswahili. Kwa saa moja watakuwa wamejifunza sayansi na isimu bila kumwaga damu ya mnyama yeyote.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Uti nao hunyooshwa mapema. Tukingoja mpaka mzee wa mwisho azikwe, tutabaki na upinde ukutani, na hakuna atakayejua sehemu zake zaitwaje.