Majira ya kuchipua katika shule ya miaka miwili

Atlantic College ni shule ya bweni ya kimataifa iliyopo St Donat's, pwani ya kusini ya Wales, karibu na mji mdogo wa Llantwit Major. Ina wanafunzi wapatao 350 kutoka kila bara, wengi wao wa umri wa miaka 16 hadi 19, na kila mmoja hukaa miaka miwili tu. Maisha yote ya pale yamejengwa juu ya hesabu hiyo. Kila ifikapo mwishoni mwa Mei nusu ya shule huondoka moja kwa moja. Baada ya likizo huingia nusu nyingine isiyojua hata njia ya kwenda bwaloni. Shughuli zinazojaa kalenda kati ya Machi na Mei, ambazo mgeni huzichukulia kuwa sherehe juu ya sherehe, kwa sehemu kubwa ni makabidhiano. Wa mwaka wa pili wanawaachia wa mwaka wa kwanza kila kitu ambacho hakuna mwalimu anayeweza kukiweka akiba.

Wazo la shule lilitoka kwa Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1886. Mwaka 1920 alishirikiana na Prinsi Max wa Baden kuanzisha shule ya Salem, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1932 aliwaandikia wahitimu wake akiwataka wachague kati ya Salem na Hitler. Mwaka uliofuata Wanazi walimkamata. Aliachiliwa baada ya marafiki zake wa Uingereza kumwombea, akahamia huko na mwaka 1934 akafungua shule ya Gordonstoun, Scotland. Mwaka 1955 alialikwa kuhutubia chuo cha ulinzi cha NATO, wakati huo kikiwa Paris. Pale aliwakuta maofisa ambao miaka kumi tu nyuma walikuwa wakipigana, sasa wameketi darasa moja. Yeye na mkuu wa chuo hicho, Lawrance Darvall, waliona kwamba kama hilo liliwezekana kwa watu wazima waliokwisha kumwaga damu, vijana wangeliweza mapema zaidi, kabla chuki haijaota mizizi.

Mahali palipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Ngome ya St Donat's, yenye karne nyingi, ilikuwa imenunuliwa mwaka 1925 na William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, ambaye alifika hadi kuling'oa paa la makao ya zamani ya watawa wa Bradenstoke na kulijenga upya hapo. Baada yake ngome ilinunuliwa na Antonin Besse, mrithi wa familia iliyotajirika kwa biashara ya Aden, naye akaitoa kwa ajili ya shule. Ni jambo la kupendeza kwa msomaji wa pwani yetu kujua kwamba mali ya bandari ileile ambayo majahazi yalipita yakienda na kurudi Mombasa na Unguja ndiyo iliyowapatia vijana hawa paa la kulala. Shule ilifunguliwa Septemba 1962 ikiwa ya wavulana peke yao. Wasichana waliingia mwaka 1967.

Mkuu wa kwanza, Desmond Hoare, alikuwa amiri mstaafu wa jeshi la majini. Chini ya ngome kuna mlangobahari wa Bristol, ambako maji hujaa na kutoka kwa tofauti iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na Hoare hakukubali vijana waitazame bahari hiyo kwa madirishani. Aliwafundisha uokoaji. Boti za mbao zilikuwa nzito, zile za kujazwa upepo zilipasuka kwenye mawe, hivyo yeye na wanafunzi wake katika miaka ya 1960 wakaunganisha tumbo gumu la chini na mirija ya upepo ya pembeni. Boti za namna hiyo leo hutumiwa na waokoaji, askari wa doria na wapiga mbizi kila bahari. Mwaka 1973 Hoare aliwauzia waokoaji wa baharini wa Uingereza hataza ya ubunifu huo kwa pauni 1. Kwa miaka mingi wanafunzi ndio walioendesha kituo cha uokoaji cha St Donat's, na kila mwaka ujuzi huo ulilazimika kuhamishwa kutoka mikono ya wanaoondoka kwenda ya wanaobaki. Desturi ya kukabidhiana ilianzia hapo, kwenye jambo ambalo mtu angeweza kufa lisipofundishwa sawasawa.

Kituo hicho kilifungwa mwaka 2013, lakini huduma imebaki kuwa sehemu ya ratiba. Asubuhi ni ya madarasa. Alasiri mmoja huenda kwa wazee, mwingine bustanini, mwingine kwenye mafunzo ya bahari. Jioni ni ya bwenini, na bwenini ndiko kwenye somo lenyewe. Kwa kawaida chumba hulaza wanne, wamepangwa makusudi ili wasitoke nchi moja. Mmoja analala saa tatu, mwenzake anaanza kusoma saa tano. Mmoja hawezi kulala dirisha likiwa wazi, mwingine analifungua katikati ya Januari. Hakuna kanuni ya shule inayomaliza mambo haya. Wanne hao huyamaliza wenyewe, na wakishindwa wanamwendea mlezi wa bweni.

Masomo yanafuata Diploma ya IB, mfumo ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Mwaka 1971 Atlantic College iliiacha mitihani ya Uingereza na kushika IB peke yake, ikiwa miongoni mwa shule za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo. Mwanafunzi husoma masomo sita, kila moja likiwa na alama zisizozidi 7. Huongezewa hadi alama 3 kwa insha ndefu ya utafiti na somo la nadharia ya maarifa, hivyo ukomo ni 45. Kufaulu huanzia 24, na yapo masharti mengine, ikiwemo kutimiza shughuli za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma.

Majira ya kuchipua huanza rasmi Machi, ingawa Machi ya Wales bado ina upepo unaopenya makoti mawili. Huu ndio mwezi ambao shule nyingi za kundi lililozaliwa na Atlantic College hufunga madarasa kwa wiki moja ya miradi. Wanafunzi hugawanyika katika vikundi vidogo na kutoka: kikundi kimoja kutembea milimani, kingine kusaidia shule ya msingi au kituo cha wakimbizi. Mipango, bajeti na nauli huandaliwa na wao wenyewe. Thamani ya wiki hiyo iko zaidi kwenye maandalizi kuliko kwenye safari. Mtoto aliyekulia kwenye shule ya bweni ambako kengele huamua kila kitu anakutana kwa mara ya kwanza na kazi ya kupiga simu kwa mtu asiyemjua na kupatana naye bei ya malazi.

Kisha kuna usiku wa utamaduni. Kila kanda ya dunia hupata zamu yake ndani ya mwaka, na usiku wa Afrika huhitaji wiki kadhaa za mazoezi. Hapa kuna jambo linalostahili kusemwa wazi. Wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenye shule kama hii ni wachache. Yule aliyetoka Tanzania anaweza kujikuta peke yake na nchi yake yote mabegani. Ngoma ambayo kwao ni ya mkoa mmoja huhitaji watu 12, kwa hiyo anawafundisha wenzake wa Norway na Peru kufunga kanga kiunoni na kupokea kibwagizo. Pilau hupikwa kwenye masufuria ya bwalo kwa viungo vilivyosafirishwa ndani ya sanduku tangu Agosti. Onyesho linaweza kuwa na makosa, na mara nyingi huwa nayo, lakini mwaka unaofuata wapo waliokwisha kujua hatua zile, na mgeni kutoka Kigoma au Malindi hatalazimika kuanza sifuri.

Miaka ya karibuni Ramadhani nayo imeangukia kipindi hiki. Mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili na kwisha mwanzoni mwa Mei, katikati ya msimu wa mitihani. Mwishoni mwa Aprili jua la Wales huzama saa mbili na nusu usiku, na alfajiri huwahi sana, hivyo anayefunga hubaki na muda mfupi wa kula, kuswali na kulala kabla ya karatasi ya hisabati. Kijana aliyezoea Ramadhani ya Pemba, ambako saa za mfungo hazibadiliki sana mwaka mzima, hukuta hesabu mpya kabisa. Jiko dogo la bweni ndilo linalomwokoa. Mara nyingi daku huliwa pamoja na wenzake wasiofunga ambao hawajalala kwa sababu ya kusoma.

Mitihani ya IB hufanyika karibu mwezi mzima, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi baada ya katikati ya Mei. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki hawajui kwamba mtoto wao anaweza kufanya mtihani wa fasihi kwa Kiswahili huko ng'ambo. IB humruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo. Anachagua vitabu kwa mwongozo wa mratibu, anavisoma mwenyewe, na hupimwa kwa maandishi na kwa mdomo kama wengine. Akifaulu fasihi ya Kiswahili na somo la sayansi au jamii kwa Kiingereza kwa alama zinazotakiwa, anastahili diploma ya lugha mbili. Ni kazi ngumu, kwa sababu vitabu havipatikani maktabani na hakuna darasa la kubishana. Hata hivyo ni nafasi adhimu. Kijana mwenye umri wa miaka 17 anayeandika uchambuzi wa riwaya kwa Kiswahili sanifu, akiwa mbali na kila mtu anayekizungumza, hupata uwezo ambao wengi waliobaki nyumbani hawaupati. Wanaoficha lugha yao ili waonekane wa kimataifa wanapoteza kitu kikubwa.

Wakati huohuo majibu ya vyuo vikuu yanaingia. Vyuo vingi vya Marekani hujibu kufikia mwisho wa Machi na kutaka uamuzi kufikia tarehe 1 Mei. Kwa wahitimu wa kundi hili kuna ufadhili wa Davis, ulioanza mwaka 2000 kwa mchango wa mwekezaji Shelby Davis ukiwa na vyuo vitano, kikiwemo Princeton, na sasa una vyuo vingi zaidi. Vyuo vya Uingereza hutoa nafasi zenye masharti ya alama, na matokeo hutoka mwanzoni mwa Julai. Kwa hiyo wengi huagana bila kujua Septemba watakuwa wapi.

Baada ya karatasi ya mwisho zinabaki siku chache tu, jua likizama baada ya saa tatu usiku. Vyumba vinafunguliwa, na vitu visivyoingia kwenye kilo za ndege vinapata wenyewe wapya: blanketi, birika, baiskeli, koti zito la baridi. Viongozi wapya wa vyama na vikundi vya huduma wamekwisha kuteuliwa na wameanza kazi wakati wakubwa wao wangali wanafanya mitihani. Mahafali yenyewe ni mafupi. Mei 2023 miongoni mwa waliohitimu pale alikuwa Leonor, mrithi wa kiti cha ufalme wa Hispania, pamoja na vijana waliosomeshwa kwa ufadhili kamili.

Umuhimu wa wiki hizo ulionekana mwaka 2020. Machi ya mwaka huo IB ilifuta mitihani ya Mei kwa sababu ya korona, na shule za namna hii zikalazimika kuwarudisha wanafunzi makwao kwa haraka. Alama zilitolewa kwa njia nyingine. Makabidhiano hayakuwa na njia nyingine.

Atlantic College ilizaa kundi la shule linaloitwa UWC, ambalo sasa lina shule 18. Waterford Kamhlaba ya Eswatini, iliyoanzishwa mwaka 1963 kuupinga ubaguzi wa rangi wa jirani yake, ilijiunga mwaka 1981. Mabinti wa Nelson Mandela walisoma hapo, naye Mandela alikuja kuwa rais wa UWC. Mwaka 2019 iliingia shule ya Moshi na Arusha, ambayo awali ilikuwa International School Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa madaktari wa hospitali ya KCMC. Kalenda ya mitihani pale ni ileile, lakini Mei ya Moshi ni masika: nguo hazikauki, na Kilimanjaro hujificha siku nzima nyuma ya mawingu. Safari za milimani, ambazo shule hiyo inajulikana kwazo, hupangwa kuikwepa mvua hiyo.

Mtu hajiungi na shule hizi kwa kujipeleka mlangoni. Njia ya kawaida ni kamati za taifa, nazo zipo katika nchi zaidi ya 150. Kamati huwapima vijana kwa maombi, mahojiano na siku za shughuli za pamoja, na kiwango cha ufadhili hufuata uwezo wa familia. Tarehe hutofautiana baina ya nchi na nchi, ila wengi hupata jibu wakati huohuo wa majira ya kuchipua, ndipo mbio za pasi ya kusafiria na viza zinapoanza. Anayekwenda Wales kutoka Afrika Mashariki huhitaji pia cheti cha kupimwa kifua kikuu. Familia yenye mtoto wa kidato cha nne isisubiri matokeo ya taifa yatoke. Iitafute kamati ya nchi yake mapema, kabla ya mitihani ya Novemba, maana baadhi ya kamati huwa zimekwisha kufunga milango matokeo yanapobandikwa.