Je, Wajua? Plagi Inayobadilishwa Ukiwa Ndani ya Gari

Je, wajua kuwa katika Sunbeam Tiger, gari la Uingereza la mwaka 1964, fundi hulazimika kuingia ndani ya gari ili afikie plagi moja ya nyuma? Bodi lake lilikuwa la Sunbeam Alpine, kigari cha watu wawili chenye injini ya lita 1.6. Hiyo ikatolewa, ikaingizwa V8 ya Ford yenye cc 4,261. Chini ya boneti pakabana hata mkono usipite. Kiwanda kikatoboa tundu kwenye bati linalotenganisha injini na abiria, kikalifunika kwa kizibo cha mpira, basi!

Na vipimo je? Kampuni ya Rootes, iliyomiliki Sunbeam, ilimtuma mtu wake huko California azunguke kwa wauza magari akipima injini za V8 moja baada ya nyingine. Kifaa chake kilikuwa rula ya mbao. Aliyeunda gari la majaribio ni Carroll Shelby, yuleyule ambaye mwaka 1962 alitia V8 ya Ford katika AC Ace ikazaliwa Cobra.

Kilichoiua Tiger ni kijidude kidogo tu. Chrysler ilipoitwaa Rootes, ikajikuta inauza gari lenye moyo wa mshindani wake. Ikabandua nembo zilizotaja Ford, lakini injini yenyewe ilishindwa kuibadilisha: V8 yake ndogo ilikuwa na distribyuta, kile kijidude kinachogawa umeme kwa plagi, nyuma, mahali ambapo Tiger haikuwa na nafasi, ilhali ya Ford ilikaa mbele. Mwaka 1967 Tiger ikakoma.

Katika kubadilishiwa injini, Morris Minor, gari jingine la zamani, ina bahati tofauti. Mbunifu wake, Alec Issigonis, alikusudia kuiwekea injini bapa, ambayo silinda zake hulala zikielekeana. Injini hiyo haikuwahi kufika sokoni. Minor ya 1948 ikatoka na cc 918 za kizamani, lakini nafasi pana aliyoiandaa ikabaki. Baadaye zikaja injini za ukoo mmoja, A-series: cc 803, 948, kisha 1,098. Ya cc 1,275 iliyotumika kwenye MG Midget tangu 1966 ni ndugu yao wa tumbo moja, ndiyo maana wenye Minor wanaipenda mpaka leo. Inakaa bila kukata bati, na nguvu hupanda kutoka farasi 48 hadi 65 hivi.

Kwangu mimi, huo ndio ubadilishaji wenye akili, mradi breki zisisahaulike. Minor zote zilitoka kiwandani na breki za ngoma, na hata kiwanda kilipoongeza injini hadi cc 1,098 mwaka 1962 kiliongeza na ukubwa wa ngoma za mbele. Anayetia 1,275 mara nyingi huweka diski mbele. Anayeruka hatua hiyo atajua thamani yake kwenye mteremko wa kwanza.

Nawe mwenye gari la babu, ukishamaliza na fundi usiende nyumbani kulala. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ile uliyoitoa bado imo humo. Nenda ukaibadilishe kabla askari wa barabarani hajafungua boneti.