Kamyoneti ya umeme ya bei ndogo: kobalti yetu itapata fasi ndani?

Huko Marekani, kampani changa inayoitwa Slate ilionyesha mwezi wa Aprili 2025 kamyoneti ndogo ya umeme ambayo karibu haina kitu. Haina redio wala ekrani, madirisha ni ya kuzungusha kwa mkono, karoseri ni ya plastiki ya kijivu, haipakwi rangi. Viti viwili tu. Anayependa rangi anabandika karatasi yake mwenyewe; mwenye watoto ananunua kifuniko na viti vya nyuma, inakuwa ya watu watano.

Mwezi haukuisha, watu zaidi ya 100,000 walikuwa wameshika nafasi. Tusidanganyane: kushika nafasi ni dola 50, na ukibadili mawazo unarudishiwa. Huyo hajanunua bado. Lakini gari jipya kule linafika karibu dola 50,000, na watu wamechoka. Slate ilikuwa imeahidi chini ya 20,000, kwa kuhesabu msaada wa serikali wa dola 7,500. Msaada huo uliisha tarehe 30 Septemba 2025. Mwaka 2025 walitaja bei ya karibu 25,000.

Inatuhusu nini, sisi wa Kolwezi na Fungurume? Juu ya batri. Ile ndogo inaenda kilometa 240, haikutoi Lubumbashi mpaka Kolwezi. Kubwa inafika 385. Zinatoka kwa SK On ya Korea Kusini, na ni za nikeli, manganezi na kobalti. Mawe sawa yale yetu, basi.

Lakini kuna batri nyingine, ya chuma na fosfati, ambayo Wachina wanaitumia sana. Bei yake ni ya chini, na haina hata gramu moja ya kobalti. Na mnunuzi wa kamyoneti hii njo yule anayehesabu kila dola.

Bei ya kobalti ilipoanguka, serikali yetu ilifunga uuzaji wa nje Februari 2025, kisha Oktoba ikaweka kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Bei ikapanda. Sijasikia mkrezeri akililia hilo. Ila bei ileile ya juu njo inamsukuma mtengenezaji wa magari rahisi kwenda kwa batri ya chuma.

Shaba iko mbali na ugomvi huo. Inaingia katika kila gari la umeme, batri iwe ya namna gani, na kwetu mara nyingi inatoka katika shimo moja na kobalti. Kule depo, ulizeni bei zote mbili.