Daftari la madeni kwenye dirisha moja

Kijana wa Tanga akishajua kuandika programu kidogo, ndoto yake huwa aplikesheni ya simu itakayomtajirisha. Mimi ningemshauri aanzie mtaani Ngamiani, hapo hapo Tanga, kwenye daftari la madeni la muuza duka. Kompyuta ya mezani, hata kuukuu, inatosha: dirisha moja, visanduku vya jina, kiasi na tarehe, na vitufe viwili, Hifadhi na Amelipa. Intaneti ya nini?

Python, lugha aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, ni ya bure, na ukiisakinisha kwenye Windows unapata humo humo Tkinter, zana ya kutengenezea madirisha. Programu ya aina hii huchora dirisha, kisha hutulia ikisubiri. Kitufe kikibofywa, ndipo kazi iliyofungwa kwenye kitufe hicho inapofanyika. Wanaoanza hunaswa hapa. Wakitaja kazi ya kuhifadhi, huiandika pamoja na mabano yake, basi inafanyika dirisha lingali linafunguka. Ukija kubofya kitufe, kimya.

Balaa jingine limo kwenye kisanduku cha kiasi. Mwenye duka ataandika 45,000/= kama alivyozoea maisha yake yote, na programu inayotaka tarakimu tupu itagoma. Usimsumbue mzee wa watu. Programu yenyewe iondoe mkato na alama ya shilingi, ibaki na 45000, namba nzima isiyo na desimali, maana senti hazidaiwi dukani siku hizi.

Na umeme ukikatika? Faili la kawaida laweza kubaki nusu. SQLite, hifadhidata iliyoanza mwaka 2000 na ambayo Python inakuja na njia ya kuitumia, huandika muamala mzima au haiandiki kabisa. Hata hivyo nakala iwekwe kwenye flashi kila jioni. Diski ikifa bila nakala, wadaiwa wote wamesamehewa.

Maneno ya dirishani yawe Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilikuwa na maelfu ya maneno. Dirisha lako halifikishi hata ishirini.

Basi wewe unayejifunza, kabla hujaandika mstari wowote, nenda kwa muuza duka wa mtaani kwako umwombe akuonyeshe ukurasa mmoja tu wa daftari lake. Majina akiyafunika kwa kiganja, usimlaumu.