Stelingi Waliorudi kwa Sherifu: Rekodi za Watoro wa Kilifi na Malindi

Aliyekulia kwenye picha za kauboi anazijua mbio zake: majambazi wanaiba, sherifu anaparamia farasi, nao wanatimka hadi ng'ambo ya mpaka. Stelingi wawili wa *Butch Cassidy and the Sundance Kid*, picha ya mwaka 1969, walikimbia Marekani hadi Bolivia. Wale wa kweli waliotungiwa kisa hicho huaminika waliuawa huko Novemba 1908. Miaka mitano na ushei baadaye pwani yetu ikatoa mbio za namna nyingine. Farasi hakuwapo, fedha za benki hazikuwapo, na waliotoroka hawakwenda mbali na sherifu. Walimrudia mlangoni.

Hizo ndizo mbio ndefu kuliko zote katika historia ya huku, na wenyewe ni viongozi wa Wagiriama, mama Mekatilili wa Menza na mzee Wanje wa Mwadorikola. Walikamatwa Oktoba 1913. Kosa lao? Kuwalisha Wagiriama viapo, mukushekushe kwa wanawake na Fisi kwa wanaume, ili mtu asilipe kodi ya nyumba wala asitoe kijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Serikali ikawatupa Kisii, upande wa pili wa nchi, ikidhani umbali ni ukuta tosha. Januari 1914 wakatoroka. Kutoka Kisii hadi Ugiriama, ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, ni zaidi ya kilomita 600. Kwa barabara ya leo kupitia Nairobi zinapita 800. Wasimulizi hupenda kutaja 1,000, nami sibishani nao, maana mtoro hatembei kwa rula. Mbele yao kulikuwa na Bonde la Ufa, kisha nyika kavu isiyo na mwenyewe wa kumwomba maji. Reli ya Kisumu hadi Mombasa ilikuwa imekamilika tangu 1901, lakini ni nani akate tikiti huku anatafutwa? Na Mekatilili hakuwa msichana. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, na bado alifika.

Sherifu katika kisa hiki ni Arthur Champion, bwana shauri wa Ugiriama. Simulizi mashuhuri kuliko zote juu yao wawili ni ile ya kuku. Husemwa kwamba barazani Mekatilili aliweka kuku na vifaranga vyake, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kimoja. Kuku akamdonoa. Ndivyo tutakavyokufanya, mama akasema, ukija kuchukua wana wetu. Zipo simulizi zinazoongeza kwamba Mzungu alimpiga kuku risasi. Iwe ilitokea hivyo au ilinogeshwa, sijapata kusikia kutoka Hollywood majibizano ya kuyashinda hayo.

Siku nzito zaidi ni tarehe 4 Agosti 1914. Siku ile ile Uingereza ilipoingia katika Vita Vikuu, maofisa wake walikuwa wakiilipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, ili kuwavunja moyo. Matokeo yake yalikuwa kinyume: moto ukawaka pande zote za mto Sabaki, na askari wa King's African Rifles wakaletwa. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena mwezi huo huo, wakahamishwa tena. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakadaiwa na wanaume 1,000 wa kubebea jeshi mizigo. Wawili hao waliruhusiwa kurudi 1919, wakaketi kayani kama viongozi, Mekatilili wa wanawake na Wanje wa wanaume. Leo sanamu ya Mekatilili imesimama mjini Malindi, na kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Kwa maisha marefu ya uasi, kikombe kinamwendea Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gasi, ingawa yeye ni wa kusini. Aliwasumbua masultani wa Zanzibar miaka nenda miaka rudi kabla ya kuwageukia Waingereza, na cheche ya vita vyake vya mwisho ilitoka hapa Kilifi, kwenye ugomvi wa urithi wa Takaungu mwaka 1895. Agosti mwaka huo Admirali Harry Rawson aliiteka ngome yake ya Mwele. Mwenyewe akaponyoka. Rawson huyo huyo ndiye aliyeipiga mizinga kasri ya Zanzibar Agosti 1896, katika vita vifupi kuliko vyote duniani, visivyofika hata saa moja. Mbaruk, aliyemchosha kwa miezi, alikuwa ameshavuka kwa Wajerumani tangu Aprili na maelfu ya wafuasi.

Wingi wa watoro ni habari nyingine. Utumwa wa mashamba ya Malindi na Takaungu ulizaa vijiji vizima vya waliokimbia mabwana zao, na Fuladoyo ndicho kinachokumbukwa zaidi. Kiongozi wake Mkristo, David Koi, aliuawa 1883. Huko kwenye misheni ya Rabai, kufikia Januari 1889, kampuni ya Waingereza iliona afadhali kuwalipa mabwana kuliko kuwawinda watoro zaidi ya 1,400.

Na rekodi ya kuchelewa ni ya sherifu mwenyewe. Champion aliandika kitabu juu ya watu aliowafukuza, *The Agiryama of Kenya*, akieleza mila na viapo vyao. Kilichapishwa London mwaka 1967, Kenya ikiwa na miaka minne ya uhuru.