Kwa Nini Menyu Hujifunga Ukichelewa Kujibu?

Uko dukani unalipia unga. Umebonyeza nyota, nambari, reli, menyu ikafunguka, halafu jirani akakusalimia. Kurudi kwa simu, menyu imepotea! Wengi wetu hulaumu netiweki, lakini mara nyingi ni seva iliyochoka kukungoja.

SMS ikikukuta umezima simu, huhifadhiwa hadi uwashe. USSD haiko hivyo. Kikao hubaki wazi kati yako na seva mpaka mmoja akate. Na kwa sababu ujumbe mmoja hubeba herufi 182 pekee, muamala hugawanywa hatua kadhaa. Hapo katikati seva lazima ikumbuke nambari yako, umefika hatua gani, unamtumia nani na pesa ngapi. Data hiyo hukaa kwenye memori.

Kwa mtu mmoja ni data kidogo sana. Seva ya nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka wa 2004, hushikilia miunganisho 10,000 iliyotulia kwa memori ya takriban MB 2.5 tu. Shida ni walioondoka bila kuaga: betri imeisha, au matatu imeingia mahali hapana netiweki. Seva haiwezi kujua kama umeenda ama bado unafikiria. Ikiwangoja wote mwisho wa mwezi, memori inajaa, na Linux ikikosa memori kabisa huua programu ili mashine ipumue. Programu ikizimwa, hata aliyejibu haraka anakwama. Ndiyo maana kila kikao huwekewa muda. Ukipita, data inafutwa na nafasi inapewa mwingine. (Kwa mtu anayetafuta miwani, muda wenyewe ni mfupi mno, nakubali.)

Sasa, pesa je? Kama menyu ilijifunga kabla hujaweka PIN, kilichofutwa ni kikao tu. Anza upya bila wasiwasi, ila andika nambari ya till kando kwanza. Kama ulikuwa umeshatuma PIN, ngoja kidogo. Huenda ombi lako limeshaandikwa kwenye hifadhidata, na hiyo haifutwi kikao kikiisha. Usitume tena papo hapo, utalipa unga mara mbili. Subiri SMS ya uthibitisho, na ikichelewa, angalia salio na orodha ya miamala yako, au uwapigie huduma kwa wateja.